Uzi wa Kumi na Saba

Katika diko la Shibpara, mahali ambapo mto unatoka kwenye vilima vya Garo na kuanza kutulia, Bishakha Barman ndiye mtu pekee aliyeweza kumshika samaki wa mwenzake bila kuulizwa kama ananunua. Kila asubuhi, isipokuwa siku za mafuriko makubwa, aliketi kwenye kigoda chake karibu na mizani, ubao wa kupimia ukiwa magotini na penseli ikiwa imechomekwa kwenye nywele. Mvuvi akishusha kapu, Bishakha alimchukua samaki mmoja mmoja, akamlaza ubaoni, akamnyoosha mkia, akasoma, akaandika, akamrudisha. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Samaki elfu ishirini na mbili na ushei walipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyepita kinywani.

Alikuwa mjane, na wajane wa rika lake pale Shibpara hawali samaki. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa ini, binti yao Purnima akiwa na miaka saba, na tangu siku ile Bishakha alikula wali, dengu na mboga za majani. Hakuna aliyemuuliza kama alitamani kingine, naye hakulisema. Kazi ya kupima aliipata kwa sababu hiyohiyo. Lutfa, ambaye siku hizo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miwani mikubwa na viatu visivyofaa kwa matope, alikuja kutafuta mtu anayejua kusoma, asiyevua, asiyeuza, na ikiwezekana asiyekula.

"Wewe huna tumbo kwenye kazi hii," alimwambia. "Ndiyo maana nakutaka."

Wavuvi hawakuacha kumtania. Mzee Horendro, mwenye mtumbwi mkongwe kuliko yote na ulimi usio na breki, alikuwa na lake la kila siku.

"Mama Purnima! Urefu wa samaki wote wa mto huu unaujua, utamu wa hata mmoja huujui. Ni sawa na kinyozi mwenye upara."

"Na wewe utamu unaujua," Bishakha alijibu bila kuinua macho, "ila urefu kila siku unaongopa. Lete huyo."

Zote hizo, mbao na penseli na madaftari, zilikuwa kwa ajili ya Hatidoba. Hatidoba ni kilindi, mahali ambapo mto unapinda na maji yanakuwa meusi, panaposemekana tembo wa tajiri mmoja wa zamani alizama na minyororo yake. Miaka kumi na mmoja nyuma, vitongoji vitano vya wavuvi wa mto huo vilikubaliana kutotupa wavu humo tena. Walizamisha matawi na mianzi, wakasimika vitambaa vyekundu, wakapangiana zamu za kulinda. Ofisi ya wilaya iliridhia kwa sharti moja: mwisho wa muda, chuo kikuu kithibitishe kwamba kilindi kinafuga wazazi wa mahashol, samaki wa magamba mapana ambaye mito mingine imekwisha kumsahau. Kikithibitisha, Hatidoba ingebaki ilivyo. Kisipothibitisha, ingepigwa mnada, na kila mtu alijua nani angeichukua: Bwana Motaleb, mwenye mashine za kunyonya mchanga, ambaye alikwisha kulichimba nusu ya bonde hadi mto ukawa kama mdomo wa kibogoyo. Muda wenyewe ulikuwa unakwisha mwaka huo, wiki ya kwanza ya mwezi wa Joishtho, kabla maji hayajapanda.

Lutfa alikuja mwezi wa Choitro, wiki chache kabla ya hapo, joto likiwa limeshika. Sasa alikuwa Daktari Lutfa, mwenye mvi mbili tatu na viatu vya mpira. Hakuomba hata maji. Alitandika karatasi kubwa kwenye mkeka wa Bishakha, akaizuia pembe kwa kiazi, kikombe na goti lake mwenyewe. Juu ya karatasi palichorwa nguzo nyingi zilizosimama bega kwa bega, kila moja ikihesabu samaki wa urefu mmoja. Za kushoto ndefu, za kulia fupi, kisha zikakatika.

"Mama Purnima, tazama. Hawa ni mahashol wako wote. Elfu moja mia tatu na nne."

"Nawaona."

"Jike la mahashol halianzi kutaga mpaka lifike kama sentimita hamsini. Haya, katika hawa wote, aliyefika hamsini yuko wapi?"

Bishakha alifuata nguzo kwa kidole hadi ya mwisho. Arobaini na nane. Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo. Maana yake Hatidoba ni nyumba ya watoto isiyo na mama. Vifaranga vinaletwa na mafuriko kutoka milimani, vinakua kidogo, vinavuliwa. Kilindi hakifugi kitu. Hivyo ndivyo takwimu zinavyosema, na ndivyo nitakavyoandika. Nimekaa na karatasi hii siku tisa nikitafuta pa kutokea. Hapana."

"Lakini wakubwa wapo, Daktari."

"Wapo wapi?"

"Ukweni."

Lutfa alimkazia macho. Alidhani anataniwa, na siku hiyo hakuwa na moyo wa utani. Bishakha ikabidi aeleze jambo ambalo kwa Shibpara ni kama kueleza kwamba maji huteremka. Mwezi wa Joishtho una siku yake ambapo mkwe wa kiume huenda kwa mama wa mkewe, akalishwa mpaka ashindwe kuinuka. Mkwe haendi mikono mitupu. Anakwenda na samaki, na samaki huyo ndiye jina lake kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mtu yeyote aliyepata mahashol mkubwa kuanzia mwezi wa Falgun, baridi inapokwisha, hadi Joishtho hakumpeleka dikoni. Kama si mkwe mwenyewe aliyemvua, alivuliwa na kaka au mjomba wa mkwe. Alifungiwa kwenye maji kwa kamba akisubiri siku yake, kisha akafunikwa jani la mgomba, akapelekwa. Na baada ya Joishtho maji hupanda, wakubwa wakazama kilindini, wasionekane tena mpaka baridi ikwishe.

"Miaka kumi na mmoja!" Lutfa alisema. "Miaka kumi na mmoja unawaona wanapita na hukuniambia?"

"Uliandika mwenyewe. Pima kila samaki anayeletwa dikoni kuuzwa. Wale hawauzwi. Tena samaki wa mkwe hapimwi, Daktari. Ukimpima umeipima heshima ya mtu."

Lutfa alilivuta daftari la kwanza kabisa, lililoliwa pembe na mende, akafungua ukurasa wa ndani. Maneno yalikuwepo, kwa mwandiko wake wa ujana, tena yamepigiwa mistari miwili. Aliyasoma mara mbili kisha akaketi chini, karatasi ikajikunja yenyewe.

"Nimepima watoto nikawaita ukoo mzima," alisema.

Alikuwa amejikasirikia yeye mwenyewe, lakini Bishakha ndiye aliyeumia. Alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, madaftari yale, na sasa aliambiwa kwamba yalikuwa sahihi kila mstari na yasiyo na faida. Alikwenda jikoni kuchemsha chai. Aliporudi mkononi alikuwa na kopo la bati, lile la biskuti, alimowekea vitu vya harusi ya Purnima.

"Daktari, gamba linakufaa kitu?"

Ndani ya kopo mlikuwa na uzi mwekundu uliotungwa magamba sita, kila moja likiwa pana kuliko sarafu, ya manjano kwa sababu ya kusuguliwa bizari. Mama mkwe wa Shibpara, kabla samaki hajakatwa, hung'oa gamba moja chini ya pezi la mgongo, akalitoboa na kulitunga. Kila mwaka gamba moja na fundo moja. Ukitaka kujua binti wa nyumba fulani ameolewa miaka mingapi, huna haja ya kuuliza, hesabu mafundo.

Lutfa alilishika gamba la kwanza akalielekeza kwenye mwanga wa mlango. Mistari ya duara ilionekana, mmoja ndani ya mwingine.

"Gamba hukua na samaki," alisema polepole. "Kila baridi linaacha pete. Nikijua upana wake najua na urefu wa mwenyewe, si kwa sentimita moja, ila karibu. Na mwaka upo kwenye fundo. Mama Purnima, kuna nyuzi ngapi kijijini?"

"Za kutosha. Kuzipata ndiyo kazi."

Ilikuwa kazi kweli. Wanawake hawakuwa wachoyo wa magamba, walikuwa wachoyo wa kulinganishwa. Aliyekuwa mbishi kuliko wote aliishi ua mmoja na Bishakha: Kusum, mke wa kaka wa marehemu mumewe, mwanamke mnene, mcheshi, mama wa mabinti wawili walioolewa.

"Yaani mdogo wangu, serikali sasa inataka kujua mkwe wangu kaleta kilo ngapi? Kesho watakuja kupima na mashuka!"

"Hakuna jina, dada. Namba tu."

"Na namba nani anazijua?"

"Mimi."

"Basi ndiyo umeniua. Wewe huwezi kusahau namba."

Bishakha aliandika namba kwenye vikaratasi, akavitia kwenye chungu, akavikoroga. Kila nyumba ilichukua kimoja bila kuangalia, na orodha akaifungia kwenye ncha ya sari yake. Alianza na uzi wake mwenyewe mbele ya wote, ili asije akaambiwa anaomba asichotoa. Ulitoka na namba kumi na saba. Kusum aliutazama ule uzi ukiingia kwenye bahasha, akafungua mdomo, akaufunga, akasema ana moto jikoni. Siku ya tatu alileta nyuzi zake mbili chini ya ncha ya sari kama mtu anayeuza gongo. Mpaka mwisho wa wiki zilipatikana nyuzi thelathini na moja.

Daktari Lutfa alizisoma siku nne kwenye varanda ya shule. Aliloweka magamba kwenye maji ya vuguvugu, akayabana kati ya vioo viwili, akainama kwenye hadubini mpaka shingo ikakataa. Magamba ya miaka kumi na mmoja ya mwisho yalikuwa mia moja ishirini na sita. Jioni ya siku ya nne alimwita Bishakha.

"Wapo," alisema. "Kila mwaka wapo. Hamsini na tano, sitini, sabini. Mmoja wa mwaka juzi ni themanini na nne. Tena wanazidi, miaka minne ya kwanza walikuwa wachache na wafupi. Siwezi kusema ni wangapi, maana mlikuwa mnachagua wakubwa tu. Lakini swali la wilaya ni moja, wazazi wapo au hawapo, na hilo limejibiwa."

Bishakha alifunika uso kwa ncha ya sari. Hakulia, alipumua tu humo ndani kwa muda.

"Ila kuna magamba saba yana neno," Lutfa aliendelea. "Pete zake ni pana mno na zimefifia. Samaki wa mto huona njaa wakati wa baridi, pete ikabana. Hawa hawakuona njaa. Ni wa bwawani, wamelishwa pumba, wamenunuliwa sokoni. Mawili ni ya nyuzi tofauti, sawa, mtu alikosa mwaka mmoja. Matano ni ya uzi mmoja. Gamba la kwanza ni la mto, matano yaliyofuata yote bwawa. Namba kumi na saba."

Bishakha alishika fundo la orodha kwenye ncha ya sari yake. Ndege walikuwa wakigombana kwenye paa la bati.

"Unataka kuyatoa?" aliuliza hatimaye.

"Siwezi. Nikitoa nisichokipenda, mtu ataniuliza nimetoa nini kingine. Yatabaki kwenye ripoti. Na Motaleb atakuwepo kikaoni, atauliza: kama saba wamenunuliwa, nani kakwambia wale mia moja na kumi na tisa hawakununuliwa? Mimi nitajibu kwamba pete zinajua. Ataniuliza nani kathibitisha. Nikipata mwenye uzi huo aseme tu kwamba ni kweli, mwaka wa kwanza nilivua, mingine nilinunua, basi. Mimi sikuambiwa kitu na gamba limesema kweli. Hiyo ina nguvu kuliko hesabu zangu zote. Unamjua?"

"Namjua."

"Atakubali?"

"Sijui," Bishakha alisema, na alikuwa hajui.

Nyumbani alimkuta Kusum akisaga viungo kwenye jiwe. Alisimama mbele yake mpaka jiwe likanyamaza.

"Dada, samaki wa Nitai walikuwa wa bwawani?"

Kusum alijifuta pua kwa kiwiko.

"Mdogo wangu, walinuka tope hata ndimu haikusaidia."

"Ulijua."

"Nani hakujua? Nilikula, mume wangu alikula, watoto walikula. Purnima mwenyewe alikuwa akitia bizari mara mbili. Ni wewe tu hukula. Tungekwambiaje? Unasimama mlangoni unatabasamu, unauliza mkwe wangu kaleta mzuri, eti? Tukasema mzuri."

Miaka mitano. Mtu ambaye vitongoji vitano vilimwita kuamua ubishi wa samaki alikuwa amelisha nyumba nzima samaki wa soko, na nyumba nzima ilimwonea huruma. Bishakha aliona aibu hadi masikio yakawaka. Aibu ya kudanganywa aliiweza, ile ya kuhurumiwa ilimshinda.

Nitai mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na ni haki kusema hivyo. Alitoka kitongoji cha tatu kuelekea chini, mtoto wa wavuvi, na mwaka aliooa alikuwa bado anavua. Kisha Motaleb akaleta mashine, akawapa vijana kazi ya kushika mipira ya kunyonya mchanga. Kazi ilianza alfajiri ikaisha magharibi, hakuna Choitro wala Joishtho. Alikuja Ijumaa ile kumchukua Purnima, ambaye alikuwa kwa mama yake kwa siku chache, na Bishakha alimkalisha kwenye mkeka akamweleza yote, kuanzia nguzo za karatasi hadi namba kumi na saba. Nitai alisikiliza huku akikwaruza mchanga uliogandia kwenye kucha.

"Mama, ningekuja mikono mitupu?"

"Ungekuja na chochote, baba."

"Unasema leo. Mwaka ule wa pili wenzangu waliingia na samaki wa mkono mzima, mimi nasimama nyuma yao na nini? Na maboga? Nilikwenda mjini kwa basi, nikambeba kwenye gunia la barafu, nikamfunika jani la mgomba penye daraja ili nionekane natoka mtoni. Unajua nilivyojisikia?"

"Najua."

"Basi usiseme. Mimi nafanya kazi kwa Motaleb. Nitachekwa mtoni na nitafukuzwa kazini, vyote siku moja."

Purnima alikuwa amegeukia ukutani akilia bila sauti. Bishakha alimtazama binti yake, akamtazama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu apewe ubao alitamani angekuwa mtu mwenye tumbo kwenye jambo hili, ili apate kisingizio.

"Siwezi kukuahidi," alisema.

Nitai aliondoka bila kunywa chai, mkewe akamfuata.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa wilaya, feni mbili zikizunguka na ya tatu ikitazama. Mkuu wa ofisi ya samaki alikaa katikati, Motaleb safu ya mbele na shati jeupe lililopigwa pasi, na nyuma yake vibarua wake kumi na wawili aliowaleta kwa gari ili ukumbi uonekane unamtaka. Nitai alikuwa miongoni mwao. Wavuvi walisimama kandokando ya ukuta. Lutfa alieleza kwa nusu saa, na alieleza vizuri. Hata Horendro alinyamaza. Alipofika kwenye yale magamba saba, Motaleb aliinua mkono kwa adabu.

"Daktari, mimi sikusoma sana. Umekiri mwenyewe kwamba nyumba hizi zinanunua samaki sokoni. Sasa wewe unatuambia saba wa soko, waliobaki wa mto. Kwa macho yako tu? Hata mimi nikipewa kioo naweza kuona ninachokitaka."

Watu walicheka. Mkuu wa ofisi hakucheka, aliandika kitu, akauliza, "Kuna uthibitisho nje ya hadubini?"

Lutfa hakumtazama Bishakha. Jambo hilo Bishakha alilikumbuka baadaye kwa shukrani. Alisema tu, "Uko kwa mwenye uzi, bwana. Mimi simjui."

Bishakha alisimama. Aliifungua ncha ya sari, akatoa orodha, akaipeleka mezani kwa mkuu, kisha akageuka.

"Namba kumi na saba ni nyumba yangu. Miaka mitano mkwe wangu ameniletea samaki wa soko nami sikujua, kwa sababu mimi siwali. Daktari hakuwa na orodha, ilikuwa kwenye nguo yangu hii. Magamba ndiyo yaliyonisema."

Minong'ono ilipanda. Motaleb alitabasamu.

"Mama, umesema hukujua. Sasa unathibitisha nini? Labda wote sita ni wa soko. Labda hakuna hata mmoja."

Hilo Bishakha hakuwa amelifikiria. Alisimama na mikono yake mitupu katikati ya ukumbi, mtu aliyeuza heshima ya binti yake na akakuta haitoshi. Horendro alianza kusema kitu, akaambiwa akae, ingawa alikuwa amesimama kwa kukosa kiti.

"Wa kwanza nilimvua mwenyewe."

Sauti ilitoka safu ya vibarua. Nitai alikuwa amesimama, fulana yake ya kazi imejaa chumvi ya jasho, macho kwenye sakafu.

"Wa kwanza nilimvua chini ya Hatidoba, kwa ndoana, mwezi wa Choitro. Hao watano nimenunua mjini, na aliyeniuzia yupo, naweza kumleta. Sikumwambia daktari. Sikumwambia hata mke wangu, alijua kwa pua." Aliinua macho kutoka sakafuni. "Ni kama hicho kioo kilivyosema. Moja, halafu tano."

Motaleb aligeuka kwenye kiti chake akamtazama Nitai kwa muda mrefu kiasi cha kutosha. Kisha alikunja karatasi zake.

Hatidoba ilipewa miaka mitano mingine. Mkuu wa ofisi aliongeza sharti kwamba kuanzia sasa samaki wa mkwe naye apite kwenye ubao, na wavuvi wakasema ndiyo kwa namna ya watu ambao watajadiliana baadaye. Na walijadiliana. Nyumba nyingine zilikubali kumpima mahashol akiwa hai, kumng'oa gamba moja na kumrudisha kilindini, karamu ikafanywa kwa samaki wadogo. Nyumba nyingine zilisema huo ni wendawazimu. Nitai hakurudi kazini. Mipira yake alipewa mtu mwingine kabla ya jua kuzama. Wiki moja nzima Purnima hakumtumia mama yake hata salamu.

Siku ya wakwe iliangukia Alhamisi. Bishakha alikuwa dikoni kama kawaida, kwa sababu alidhani hapaswi kusubiri mtu nyumbani. Wakwe walipita na makapu yao, wengine wakisimama kwake, wengine wakipinda njia kama watu waliomwona mkusanya kodi. Karibu na saa nne mtumbwi mdogo uliegeshwa, Nitai akashuka na suruali imeloa hadi mapajani, Purnima nyuma yake na mwavuli. Jani la mgomba lilikuwepo, lakini lilikuwa dogo. Alilifunua juu ya ubao mbele ya diko zima.

Walikuwa puti kumi na mmoja. Puti ni samaki ambaye paka huomba radhi kabla ya kumla.

"Mkono umesahau, mama," Nitai alisema. "Usiku mzima na alfajiri yote, hawa ndio niliowapata. Pima."

Horendro alikuwa tayari ameshavuta pumzi ya kusema. Aliwatazama wale puti, akamtazama Nitai, akaitoa pumzi hivyohivyo.

Bishakha aliwapima wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, mkia umenyooshwa. Aliandika urefu wa kila mmoja, na kwenye safu ya mahali alipovuliwa akaandika: mtoni. Kisha alichagua mkubwa, wa sentimita tisa, akamng'oa gamba kwa ukucha. Lilikuwa dogo kuliko tundu la sindano ya magunia. Ilibidi Purnima aazime sindano ya shanga kwa fundi cherehani, na walipolitunga kwenye uzi mwekundu lilining'inia baada ya yale mengine sita kama mtoto wa mwisho kwenye picha ya ukoo.

Kusum aliwakaanga kwa haradali na pilipili mbichi. Nitai alikalishwa kwenye mkeka mpya, akawashiwa taa, akapakwa alama kwenye paji, akapepewa kama mwana wa mfalme aliyeleta nyangumi. Kila mtu alipata puti mmoja, na mmoja akabaki kwenye sinia. Watu walizungumza juu ya mvua.

Bishakha alikuwa amesimama mlangoni, mahali pake pa miaka yote, akiwatazama wanavyotafuna. Alizitazama nyuso moja moja. Kisha aliingia, akaketi kando ya binti yake, akavuta sinia, akamchukua yule puti aliyebaki na kumtia mdomoni mzima, na miba yake. Kusum aliacha kupepea. Miaka kumi na tisa ya ujane ni mingi kwa ulimi, na Bishakha alitafuna polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hana tope," alisema.

Kisha akaomba wali.